Jina la Msimamizi Kwenye Fomu

Kabla ya alfajiri, pasi iligonga meza: tap, tap. Mama alikuwa akinyoosha blauzi yake nzuri, ile moja, taratibu ili asimwamshe bintiye. Binti alikuwa macho. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa mwandiko wake safi wote walimwita Karani.

Mama alishona kola za mashati miaka kumi na moja, hadi kiwanda kilipofungwa. Sasa wakala wa ajira alitafuta mshonaji, na fomu yake ilitaka jina na simu ya mtu aliyewahi kumsimamia kazini.

"Nenda kwanza kwa msimamizi wangu wa zamani," Mama alikuwa amemwambia juzi. "Muombe ruhusa. Akikubali, ndipo uandike jina lake."

Lakini wenzake walikuwa wakiruka kamba. Karani aliandika jina na namba aliyopewa na Mama, akakimbilia mchezo.

"Amekubali?" Mama aliuliza jioni.

"Amekubali. Anakusalimu sana."

Asubuhi hiyo waliketi ofisini kwenye benchi, pamoja na wanawake wengine. Wakala alipiga simu mbele yao, sauti ikasikika chumba kizima.

"Simjui!" sauti ya bibi ilifoka kwenye simu. "Matapeli wakubwa! Msinipigie tena!" Simu ikakatwa.

Wakala alicheka. "Mama, ukitaka kudanganya, si ungemtafuta hata shangazi yako? Blauzi umeinyoosha bure. Anayefuata!"

Benchi zima likaangua kicheko.

Njiani Mama alisema tu, "Yule mama alinipenda. Nimemkosea nini?"

Karani alimvuta mkono wa blauzi. "Hujamkosea, Mama. Sikwenda."

Mama alisimama. Hakumpiga wala kumgombeza. Alimshika mkono, wakaenda kwa msimamizi.

Msimamizi alikuwa amekaa dirishani, macho yake yamefifia. Mama alimsimulia habari za simu ya asubuhi. "Mwanangu! Kumbe ulikuwa wewe?" alilia. "Mwezi jana nililaghaiwa kwa simu. Tangu hapo, namba nisiyoijua naitukana kwanza."

Akampigia wakala papo hapo. "Huyu namjua. Kola zake hazikurudishwa kwa kasoro hata moja."

"Umechelewa, bibi. Nafasi imeshachukuliwa. Imebaki ya kukata nyuzi. Akitaka, aje Jumatatu."

Mama alikubali kwa kichwa. "Mwambie nitakwenda."

Msimamizi alimgeukia Karani. "Mjukuu wangu, jina la mtu huombwa kabla ya kuandikwa. Ungeniambia, ningeisubiri simu hiyo nimevaa na viatu kabisa! Uvivu wako na uongo mmoja vimemtoa mama yako kwenye cherehani, vikampa mkasi. Amekusamehe, naona. Wewe usisahau."

"Sitasahau, Bibi," Karani alisema, machozi yakimtoka.

Bibi aliupapasa mkono wake, akamfuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake. Walipoaga, hakuuachia.

"Tangu kiwanda kifungwe, hakuna anayebisha hodi hapa. Njoo tena Jumapili, Karani. Uje hata kama huna la kuomba."