Mlinzi Aliyefungiwa Stoo

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi cherehani, na tangu siku ile haketi akaupa mlango mgongo.

Alikuwa ameanzisha kundi la maigizo kwenye simu. Kila mtu alichagua mhusika katika nyumba moja ya wageni, wakaijenga hadithi kwa kuandikiana. Kanuni ilikuwa moja: maneno ya mhusika yaandikwe wazi, lakini ukisema la kwako mwenyewe, weka mabano. "(Jamani, naenda kuogesha mtoto.)"

Mlinzi, mzee anayeburuta kandambili, alikosa wa kumwigiza, ikabidi fundi amwandikie yeye. Akamchoka. Siku moja akamfungia stoo, hadithi ikasonga mbele.

"(Wifi, mpe pa kutokea,)" aliandika mke wa kaka yake. "(Mtu haachwi hivyo.)"

"(Kwani atakufa njaa?)" fundi akajibu. Kundi zima likacheka.

Jioni hiyo umeme ulikatika akiwa dukani. Cherehani ikanyamaza, giza likawa totoro. Ndipo kutoka stoo yake, aliyoifunga kwa mkono wake mwenyewe, akasikia: kwaruu. Kimya. Kwaruu. Kandambili zinaburutwa sakafuni.

Akaandika kwenye kundi, "(Acheni utani. Nani yuko dukani kwangu?)"

Kwaruu ikaja mpaka mlangoni, ikakoma. Kisha, vidole vyake vikiwa havijagusa kitu, ujumbe ukatokea kwa jina lake mwenyewe:

"(Nifungulie, mwanangu. Kufuli liko upande wako.)"

Mlinzi alikuwa ameweka mabano.