Kanga Yenye Jasho

"Dada, vifuu vitupu si unavitupa? Nipe mimi."

Sokoni Mtwara asubuhi ile hapakuwa na pa kutia mguu. Somoe, muuza nazi, akaacha kukuna, akakaza kanga yake ya rangi ya machungwa na kumkagua kijana aliyesimama mbele yake, shati limejaa manyoya. Somoe hakuwa mtu wa kuamini watu upesi.

"Vya nini?"

"Naficha dagaa ndani, paka wahangaike kuwatoa. Kituoni kwetu Naliendele tunatunza wanyama waliotupwa. Paka akikaa bandani bila shughuli, anasononeka mpaka anajing'oa manyoya."

"Makubwa! Paka naye atafutiwe kazi?"

Kijana huyo ni Yusufu, mzaliwa wa Kitaya. Alirudi kesho yake, na keshokutwa yake. Simu zikafuata, "roho yangu" zikafuata, hatimaye wazee wake wakaahidi kuja Ijumaa kuposa.

Jumanne ya wiki hiyohiyo, kanga aliyoshinda nayo Somoe juani, haijafuliwa, ikatoweka barazani. Jirani alimwona Yusufu akiitia mkobani.

Shangazi Riziki, aliyemlea Somoe, akapiga makofi kwa mshangao. "Mwanamume achukue kanga yenye jasho lako? Mwanangu, unapelekwa kwa mganga! Ijumaa nitawafungia mlango."

Somoe hakulala vizuri siku mbili. Alhamisi akapiga simu.

"Kanga yangu umeiona, mpenzi?"

"Kanga... kanga ipi, roho yangu?"

Yalaa! Moyo ukawaka hasira. Akadandia bodaboda hadi Naliendele.

Alimkuta Yusufu amechuchumaa bandani. Kanga imetandikwa sakafuni, na juu yake paka mweupe mwenye kovu mgongo mzima anakula dagaa.

"Huyu ndiye mganga wako?"

Paka akaruka, akajibana pembeni akitetemeka.

"Polepole, tafadhali," Yusufu akanong'ona. "Mwanamke alimmwagia maji ya moto. Akisikia harufu ya mwanamke, hali. Juzi niliiweka kanga mbali na sahani, jana nikaisogeza. Leo ndiyo kwanza anakula juu yake."

"Mtwara nzima, ukaona kanga yangu tu?"

"Kwani ataishi na nani?" Yusufu akainamisha kichwa. "Nimemchukua awe wetu. Niliogopa ukimkataa yeye, nitashindwa kuchagua."

"Ukaona bora uibe. Halafu ukanidanganya!"

"Nimekosa, Somoe."

Hasira haikumwisha, na alikuwa na haki nayo. Hata hivyo akaketi sakafuni, akamnyooshea paka mkono. Paka akasogea, akanusa kidole, akarudi nyuma. Akasogea tena. Somoe akahisi machozi yanamtoka.

"Kesho wazee waje," alisema kwa sauti ya chini, asimtishe. "Ila kabla ya posa, utasimama mbele ya shangazi useme, 'Mimi ndiye mwizi.'"

"Mbele ya washenga wote?"

"Wote. Tena kwa sauti. Mimi nimeshakusamehe, yeye bado."