Nyuzi Sita za Ernest

Uzi mnene wa gitaa ulikuwa umelegea tena.

Lydia aliukaza asubuhi, macho kwenye programu ya simu ya kupimia sauti, mpaka taa ya kijani ikawaka kama mafunzo yalivyoelekeza. Sasa ulinguruma chini, pale pale alipouacha marehemu kaka yake, Ernest, ambaye hakupangia nyuzi kwa simu. Alipanga gitaa kwa kufuata zeze la baba yao. Na chumba kilinuka dawa ya Ernest ya kuchua kifua, ingawa chupa walishaitupa.

Uzi ulipolegea hivyo siku ya tatu mfululizo, akamwita shangazi Hilda, anayekaa mtaa wa pili, hapo hapo Chang'ombe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani kakupa hilo gitaa?"

"Nimelichukua tu. Najifunza kupanga nyuzi."

"Vitu vya marehemu havijagawiwa, wewe umeshamchezea nyuzi zake? Hukusubiri hata jasho lake likauke kwenye mbao."

Shangazi akalilaza gitaa mkekani, akanyunyiza maji yenye unga. "Mwambie ulichomkosea. Chote."

"Kaka, nisamehe. Nimeligusa kabla ya wakati."

Uzi mwembamba ukakatika.

"Hujamaliza," shangazi akanong'ona.

"Nimemaliza."

Ukakatika wa pili, kisha wa tatu, na harufu ya dawa ikazidi hadi macho yakamwasha, naye Lydia akakumbuka Ernest alivyompigia simu kutoka wodini, akihema, akiomba aletewe gitaa japo alishike tu, na yeye, kwa kuwa kwaya yake ilialikwa kuimba harusini mtaa wa Kikuyu Jumamosi ile na alitaka aonekane amelibeba, akamjibu kwamba nyuzi zote zimekatika; akasikia kaka yake akicheka kidogo, akisema, "Basi, nitazifunga mpya nikirudi"; na Alhamisi wakamzika.

Ukakatika wa nne. Wa tano.

"Nilikudanganya," Lydia akasema. "Hazikuwa zimekatika. Hata mmoja."

Uzi mnene ukabaki. Harufu ikapungua, ikaisha. Shangazi akashusha pumzi, akaanza kukusanya vipande vya nyuzi kwenye kanga.

"Amesikia," akasema. "Kanawe uso."

Lydia alikuwa bado hajainuka alipoona vile vifunguo vitano vya kukazia, ambavyo sasa havikushika kitu, vikianza kuzunguka kimoja kimoja, polepole, jinsi Ernest alivyovizungusha kila alipokaa kufunga nyuzi mpya.