Kilemba cha Viazi

Asajile alijikwaa kwenye gunia la Tulia katikati ya soko la Kiwira, mvua ikinyesha, suruali yake ya kijivu ikaingia tope hadi magotini. Tulia, katika kitenge cha kijani na mabuti ya mpira, alicheka bila huruma, kisha akampa khanga ajifutie. Wakapeana namba.

Tangu hapo simu hazikukatika. Tulia alimtania kwamba mwanaume asiyejua kutembea kwenye tope hapati mke Rungwe. Mapenzi yalimlevya, hata hakuuliza sawasawa kazi yake. Ofisini, alijibu Asajile, na hilo likatosha.

Tulia alikuwa akinunua viazi kwa wakulima wa kijiji cha Kawetele kwa lumbesa: gunia likijaa, linashonewa kilemba cha wavu juu na kujazwa tena, bei ileile. Sheria inakataza, lakini wanunuzi wenzake wote walifanya, naye akajiona hana kosa. Hata shangazi Esnath, aliyemlea tangu alipofiwa na mama, alimuuzia viazi vya shamba lake na kumwachia apakie mwenyewe bila kusimamia, maana mtoto wake hawezi kumpunja.

Asubuhi moja lori lililobeba mzigo wa Tulia lilisimamishwa palepale Kawetele, kabla halijashika lami. Aliyeshuka kwenye gari la wakaguzi wa vipimo alikuwa Asajile. Tulia akatabasamu, moyo ukatulia.

"Shusha mzigo wote," Asajile alimwambia dereva.

"Asa, ni mimi."

"Nimekuona, mpenzi. Ndiyo maana naumia."

Vilemba vikafumuliwa mbele ya wakulima. Kilemba kimoja hakionekani kitu. Vilipomwagwa pamoja vilifanya lundo la kutisha. Shangazi, aliyekuwa miongoni mwao, akaokota kiazi kimoja.

"Mwanangu, na vyangu vimo humu?"

Tulia akaitikia kwa kichwa.

Tangu siku hiyo Tulia hakupokea simu za Asajile. Watu walidhani amemchukia yule kijana, kumbe aibu ndiyo iliyokuwa ikimla. Alihamia kwa shangazi, akapalilia, akachota maji, akafanya kila kitu isipokuwa kusema. Mwishowe, wakimenya ndizi jikoni, simu ikaita, akapokea.

"Jumapili nakuja kwenu," Asajile alisema. "Nakuja kukuposa."

Shangazi alisikia. "Aje," alisema bila kuinua macho. "Lakini wewe hujaniomba msamaha."

Tulia aliweka simu kwenye kigoda bila kuikata, akapiga magoti juu ya maganda. Alilia mpaka maneno yakatoka, na Asajile akayasikia yote.