Kadi ya Mokeira

Jumatano, orodha ya kwanza ilipotoka kwenye printa, jina la Bonareri halikuwemo. Persis aliipitia mara mbili kwa kidole, akapiga miayo. Kosa dogo, alijiambia. Angelirekebisha baada ya chai.

Ilikuwa mwaka 1997, na chuo kikuu kile cha kibinafsi nje ya mji wa Kisii kilikuwa kimenunua kompyuta yake ya kwanza. Mkuu wa chuo alitaka kadi za wanafunzi wote ziwe zimeingizwa kufikia Ijumaa. Persis, karani wa usajili, alichapa. Mwenzake Walter alisoma. Ili wasiruke kadi, waliiga mtindo wa darasani: Walter anataja jina, Persis anaitika "yupo," ndipo anachapa. Kufikia Jumanne alikuwa anaitika amefumba macho, na ndivyo alivyomwitikia Mokeira, msichana wa kijiji cha Gesima aliyezikwa mwaka juzi. Hakuna aliyekuwa ameiondoa kadi yake.

Bonareri alikuwa binti ya Persis, mtoto wake wa pekee, mwaka wa pili hapohapo chuoni. Jumatano hiyohiyo mpishi alimnyima chakula kwa kuwa hayumo kwenye orodha. Kesho yake mhadhiri aliita majina akamruka, na alipoinua mkono hakuna aliyegeuka.

"Mama, nimeongea mara tatu," alinong'ona ofisini. "Hawanisikii."

Sauti yake ilikuwa imekonda. Persis aliogopa, akachapa jina la binti yake upesi. Herufi zilitokea, zikatulia, kisha zikageuka: Mokeira. Harufu ya udongo mbichi wa kaburi ikapanda kutoka kwenye vibonye.

"Twende kwa Mzee Manasseh," Walter alisema kwa sauti ya chini.

Manasseh ndiye aliyetunza kadi hizo kabla kompyuta haijamstaafisha. Walimkuta akipalilia migomba yake nyuma ya chuo, wakamweleza.

"Hii maneno ni mbaya, mama," alisema bila kuweka jembe chini. "Umeitikia mtu amekufa. Mimi mwanafunzi akikufa nilikuwa natoa kadi, naipeleka kwao. Peleka hiyo ya Mokeira leo, useme kwa kaburi kwamba hayupo. Leo, kabla hiyo orodha haijapigwa muhuri. Ukichelewa, wako ndiye ataenda."

"Ndiyo, mzee."

Lakini Persis aliporudi ofisini kuichukua kadi, alimkuta mkuu wa chuo amekaa kwenye kiti chake. Kadi mia tatu zilibaki. "Kama kazi imekushinda, mama, sema," alimwambia, "wanaoitaka ni wengi." Persis alisimama pale akiwa na macho mekundu, wiki nzima hajalala vizuri. Mkuu alipoinuka, akaketi.

"Nitaenda kesho asubuhi," alimwambia Walter. Simlaumu sana. Uchovu ndio uliomponza.

Asubuhi ilimkuta bado anachapa. Walter alisoma kadi huku akivitazama vibonye, maana viliendelea kulia hata Persis alipoweka mikono mapajani, na harufu ya udongo ilijaa chumba kizima mpaka ikamkaa ulimini, na pale mlangoni Bonareri alisimama akiita mama, mama, midomo ikienda na sauti ikizidi kufifia, hata Walter akawa hawezi kuisikia mpaka azuie pumzi, na kila alipotaka kuinuka amshike msichana yule mkono alisahau kidogo kwa nini alitaka kuinuka. Saa nne mkuu wa chuo akaingia, akapiga muhuri kila ukurasa, akatoka na orodha yake.

Vibonye vikanyamaza. Persis akajinyoosha, akavuta sweta lake.

"Mama Bonareri," Walter alinong'ona, akimsukumia kadi ya Mokeira. "Twende Gesima sasa hivi, pengine bado iko nafasi. Ona vile msichana analia."

Persis aliutazama mlango kwa muda mrefu, kisha akamtazama Walter kwa uso wa mtu aliyepumzika.

"Bonareri gani?" akauliza.