Feni ya Boti ya Durk

Jumapili asubuhi, kabla kengele za kanisa la kijiji cha Grou hazijalia, boti ya Durk Wiersma ilikuwa imeungua hadi usawa wa maji, na Durk mwenyewe alikutwa amekufa ndani ya kibanda cha boti hiyo. Zimamoto walipokuwa wakimfunika, Inspekta Baukje Terpstra aliinama gatini. Viatu vya mbao vya marehemu vilikuwa palepale alipovivua, vimepangwa vizuri, havina hata alama ya moshi.

Watu wa gatini walikuwa wameshapata mtuhumiwa wao. Wytske Kooistra, fundi wa injini, ndiye aliyeishughulikia boti hiyo majira ya baridi. Alipofika kuangalia, mwanamke mmoja alimtemea mate.

"Muuaji! Injini zako zinaua watu!"

Sijui kwa nini watu wa kanisa hupenda sana kumhukumu mtu siku ya Jumapili. Baukje alimpeleka Wytske kituoni, nusu kumhoji, nusu kumwokoa, kisha akagonga mlango wa Hylke Wiersma, kaka wa marehemu, ambaye nyumba yake inatazama gati.

"Uliona nini, bwana Hylke?"

"Nilikuwa dirishani, nakunywa kahawa. Nikasikia feni inavuma. Boti ya petroli hiyo, Inspekta, lazima kwanza ufukuze kwa feni mvuke wa petroli kwenye chumba cha injini. Mzee alituzaba makofi mpaka tukajifunza. Feni ikavuma, ikanyamaza, Durk akawasha. Bu! Yule mwanamke ameacha mpira wa mafuta unavuja. Mfungeni!"

"Una hakika ilikuwa feni ya boti ile?"

"Naijua kama kikohozi cha baba yangu."

"Mara ya mwisho ulipanda lini?"

Hylke alicheka kwa uchungu. "Tangu tumzike mzee sijaikanyaga. Durk kaachiwa boti, mimi nikaachiwa saa ya ukutani. Nipande nikafanye nini?"

Kituoni, Wytske hakungoja swali.

"Umekuja kunifunga? Nifunge! Dirisha la karakana yangu wameshalivunja. Kesho wataichoma."

"Nijibu tu. Ulifanya nini kwenye boti ya Durk?"

"Niling'oa injini ya petroli ya marehemu baba yao, nikaweka ya dizeli. Durk alikuwa analala humo, akachoka kuogopa mvuke. Dizeli ikivuja inachafua sakafu, basi. Hailipuki kwa cheche ya ufunguo."

Baukje alikulia kwenye maboti. Alijua Wytske hasemi uongo. Hata hivyo alirudi kwenye mabaki akafunua mfuniko wa chumba cha injini. Juu ulikuwa mkaa mtupu. Upande wa chini rangi yake ilikuwa bado nzima, na tangi lilikuwa na dizeli yake. Moto ulianzia kibandani, ukashuka. Tena mtu anayetaka kung'oa nanga haachi viatu vyake gatini. Akampigia Wytske simu kituoni, akauliza jambo moja tu, kisha akaomba ufunguo wa karakana.

Jumatatu Hylke aliitwa huko. Wytske alisimama kwenye kona, amekunja mikono. Baukje aliunganisha nyaya mbili kwenye betri, na nyuma ya turubai kitu kikaanza kuvuma kwa sauti ya kukwaruza.

"Sauti uliyosikia Jumapili ilikuwa hii?"

"Hiyo hiyo! Naapa mbele ya mahakama yoyote."

Baukje akavuta turubai. Feni ilikuwa juu ya meza, inazunguka.

"Iko hapa tangu majira ya baridi, bwana Hylke. Ilitolewa pamoja na injini, maana dizeli haikuihitaji. Ulitusimulia boti ya baba yako, siyo ya Durk. Ulimwaga petroli kibandani ukaiwasha, ukidhani boti bado ni ya petroli na ikiungua hakuna atakayeshangaa."

Uso wa Hylke ulibadilika. "Sikujua yumo ndani."

"Viatu vyake vya mbao vilikuwa nje. Grou nzima, hata mtoto, akiona viatu nje anajua mwenyewe yuko ndani. Uliviruka."

"Alikuwa akiipaka boti rangi mbele ya dirisha langu kila mwaka!" Hylke alifoka. "Mimi ndiye niliyekuwa nikisafisha injini ile na mzee. Mimi! Na sasa nasikia yeye akaenda akaing'oa, akaitupa!"

"Nani kakwambia aliitupa?"

Wytske alitoka kwenye kona, akavuta turubai la pili. Injini ya mzee Wiersma iling'aa kwa rangi mpya ya kijani.

"Durk aliniambia wewe ndiye unayeipenda. Tungekuletea Jumamosi ijayo, siku yako ya kuzaliwa. Kwa ajili yako nimeisugua mpaka vidole vikatoka damu, mshenzi wewe."

Hylke aliitazama injini kwa muda mrefu. Askari waliokuwa wakingoja mlangoni walipomfunga pingu hakupinga.

"Izimeni hiyo feni," alisema. "Tafadhali, izimeni."

Betri ilikuwa karibu na mkono wa Wytske. Aliiacha feni ivume mpaka walipomtoa Hylke nje.