Duangjai na Paja Lililogoma Kupona

Kila alfajiri wenzake walipotoka kukimbia kandokando ya mashamba ya mpunga, Duangjai alibaki katika kambi ya mabondia wa ngumi na mateke, paja limefungwa bandeji. Alikuwa na miaka kumi na tatu, na hasira zake zote zilikuwa kwa mtu mmoja tu: Pimchan.

Pimchan ndiye aliyemchana msuli kwa teke katika pambano la sherehe za hekalu. Lakini teke halikumuuma kama yale maji. Kwa desturi, pambano likiisha, kila bondia huenda kona ya mpinzani wake, akainama kwa heshima na kunywa maji anayopewa huko. Pimchan alikipokea kikombe kwa baba yake Duangjai, aliyesimamia kona ya binti yake, kisha akakimwaga chini, watu wote wanaona.

"Nitamvunja," Duangjai aliapa.

Basi kila usiku alijifunika gubigubi, akaitazama video ya pambano lile kwenye simu mpaka majogoo. Wiki zikapita, paja likagoma kupona. Akalisugua kwa nguvu kwa mafuta makali ya kuchulia ya mabondia, likavimba zaidi.

Shangazi yake Lamai, nesi wa zahanati, alilibonyeza taratibu, kisha akamtazama macho yake mekundu.

"We mtoto, unalala kweli?"

"Silali, shangazi. Nikifumba macho namwona yule mshenzi anacheka."

"Hee! Yeye anakoroma kwao, wewe unakesha kwa ajili yake? Teke moja amekupiga yeye, mengine unajipiga mwenyewe!"

Duangjai alitaka kucheka, akajikuta analia.

"Sikiliza, mwanangu. Giza likiingia, mwili hutoa homoni ya usingizi. Mwanga wa simu huichelewesha. Watafiti wanasema huenda homoni hiyo inausaidia msuli ulioumia kujijenga upya. Bado wanachunguza, ila kwamba mgonjwa anahitaji kulala, hilo halina ubishi. Lete simu."

"Na kisasi changu?"

"Kalale nacho."

Alilala. Uvimbe ukapungua, akaanza kutembea, kisha kukimbia, na msimu uliofuata akapanda ulingoni akamshinda Pimchan kwa pointi. Furaha aliyoingoja ilikuja, tamu kweli. Kisha akamwona Pimchan anachechemea, ameshika paja lililopigwa mateke, macho yamejaa hasira anayoijua vizuri.

Akamsogelea. "Usiitazame video. Nenda kalale."

Pimchan alisonya, akaondoka.

"Hajanisikia," Duangjai alimwambia shangazi yake.

"Hata wewe ulichelewa kusikia," alijibu Lamai. "Anayekuchukia anaweza kukuumiza mara moja. Ukikataa kuupumzisha mwili wako, unamsaidia kukuumiza kila siku."